Goli la Nane la Bibi Kresensia

Jumapili ile naikumbuka, mwanangu Skola, na wewe unaikumbuka pia, ingawa hatujawahi kuikalia chini tukaizungumza. Ndiyo siku niliyompokonya mtu mzima kipaza sauti mbele ya kijiji kizima, tukiwa bado tumevaa nguo za misa.

Nakuandikia haya ukiwa na miaka kumi na mmoja. Utayasoma ukiwa mkubwa, pengine ukiwa na hasira zako mwenyewe, maana damu ni ile ile. Mimi si mzee. Sina mvi, na elimu yangu iliishia kidato cha nne. Lakini nasaha hazingoji mvi. Zinamngoja aliyejikwaa, na mimi nilijikwaa mchana kweupe.

Kiwanja chetu unakijua. Ila huenda utamsomea mtu asiyeijua Mbinga, kwa hiyo nieleze. Kijiji chetu kimening'inia ubavuni mwa mlima. Ukisimama mlangoni kwako unatazama paa la jirani. Ni mahali pamoja tu ambapo ukiweka mpira chini unatulia. Upande wa juu wa mahali hapo kuna mistari ya mashimo ya ngolo. Majani hukatwa na kupangwa ardhini kwa miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuyafunika majani, hata mlima ukafanana na sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni yakatulia, na kwenye kuta za shimo tunapanda maharage. Kupanga majani ni kazi ya wanaume, kuchimba ni kazi ya wanawake. Tumekuta hivyo.

Sasa, Jumapili ile kamati ya kiwanja ilikuwa inazindua ubao. Ubao mkubwa, mweupe, umeandikwa kwa rangi nyeusi historia ya mpira wa kijiji chetu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ndunguru, aliisoma kwa sauti. Akasema jinsi mpira ulivyoletwa na mwalimu wa shule ya misheni enzi za Mwingereza, jinsi vijana walivyocheza peku, jinsi bwana shauri, yule mtawala wa wilaya, alivyokuja kutazama akibebewa kiti chake, na jinsi watu wa ziwani walivyopanda kwa miguu kutoka kule Nyasa kuja kucheza na sisi. Nilisikiliza kwa raha, sikufichi. Shuleni nilikuwa winga wa kushoto, na mpaka leo nikisikia mpira unadunda mguu wangu unashtuka kabla yangu.

Akafika kwenye majina ya waliojenga kiwanja. Majina kumi na mawili, yote ya wanaume.

Bibi yangu Kresensia, mama wa baba yangu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa nyuma. Toka utotoni nilimsikia akisema kwamba aliubeba udongo wa kiwanja kile kichwani, yeye na mama yake na wanawake wote wa mlima ule. Nilimtazama. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake, basi. Nikajizuia.

Kisha yakasomwa maazimio ya kamati. La kwanza, zile ngolo za juu zifukiwe, pawekwe mabenchi ya wageni rasmi. La pili, timu ya wasichana isitishe mazoezi yake ya Jumanne na Alhamisi ili kulinda nyasi, na itafutiwe mahali pengine. Mahali pengine wapi, kwenye mti? Nyinyi wasichana kumi na nne mlikuwa mmekaa ukingoni, jezi zenu mikononi, maana mliahidiwa kufungua sherehe kwa mechi. Mzee Ndunguru akawatazama akasema, "Kiwanja hiki ni jasho la baba zetu. Wasichana ni waelewa, wataelewa."

Watu wakapiga makofi.

Makofi yale ndiyo yaliyonimaliza, mwanangu. Si maneno ya mzee. Miongoni mwa waliopiga makofi walikuwamo mama zenu, waliowafulia zile jezi. Hata sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka tu kipaza sauti kilikuwa cha moto mkononi, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyoitarajia.

"Mzee Ndunguru, jasho la baba yako tunalijua. Alikuwa golikipa, akafungwa saba na wavuvi. Hiyo nayo iandike ubaoni."

Kijiji kilicheka. Waliokuwa na simu wakazinyanyua. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kuuliza kama golikipa mwenyewe alikuwa amefungwa kwa kamba, wakacheka tena. Mzee Ndunguru aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akasema polepole, "Umemaliza, Mama Skola?" Nikagundua kwamba nimemaliza kweli. Nilikuwa nimepanda pale kuwatetea nyinyi na bibi yangu, na nikashuka bila kuwataja hata kwa neno moja. Maazimio yakapita. Nani angemuunga mkono mwanamke anayemtukana marehemu?

Njiani ulitembea mbele yangu, hukutaka nikushike mkono. Tulipofika kwenye kivuko cha kijito ulisema bila kugeuka, "Mama, sasa hata tukiomba Alhamisi peke yake hatutapewa." Wahenga walisema hasira hasara. Hawakusema hasara yenyewe huwa inalipwa na nani.

Jioni nilikwenda kwa Bibi. Nilimkuta jikoni anapembua maharage kwenye ungo. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda na ungo wa pili. Tulipembua mpaka mgongo ukaanza kuniuma. Wewe unamjua bibi yako mkubwa: akinyamaza, afadhali angekuchapa. Mwishowe nikashindwa, nikaanza kujitetea. Nikasema mimi nimesema ukweli, hadithi ya yale magoli saba nimeitoa kwake mwenyewe, alinisimulia nikiwa mdogo tukacheka wote.

"Nilikupa mbegu," Bibi akasema. "Wewe umeikaanga ukawagawia watu."

Kisha akaniuliza kwa nini tangu nilipokuwa mdogo sikuwahi kumuuliza kilichotokea baada ya yale saba. Nilikuwa nimecheka, nikaona hadithi imeisha. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kuondoka na nusu ya habari ukidhani umebeba yote. Basi Bibi akanimalizia, na mimi nakumalizia wewe.

Kabla ya kiwanja, alisema, vijana walicheza mpira kwenye mteremko. Mara nyingi ulikuwa mpira wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kwa kamba. Ule wa ngozi wa mwalimu ulitolewa siku za sikukuu. Ukipigwa vibaya uliteremka hadi kijitoni, na aliyeupiga alikwenda kuuchukua, kwa hiyo nusu ya mechi ilikuwa kushuka na kupanda. Bwana shauri alipokuja alicheka sana. Akasema wakipata kiwanja atawaita watu wa ziwani waje washindane nao. Wanaume wakakaa baraza, wakachagua ule mgongo wa mlima. Mgongo wenyewe ulikuwa mashamba ya ngolo ya wake zao. Hakuna aliyewauliza. Baada ya mavuno wanaume walinyoosha kamba za kupimia, na wanawake wakabeba udongo kwa vikapu kufukia mashimo waliyoyachimba wao wenyewe. Bibi alikuwa na umri kama wako huu wa sasa. Anasema alifukia hata shimo la mama yake, na mama yake akageukia pembeni asimwone.

Kiwanja kikapatikana, kitupu, kimenyooka, kinang'aa. Watu wa ziwani wakaja, wengine kutoka mbali kule Chiwanda, wamebeba samaki wakavu kama zawadi. Walikuwa na miguu ya mchangani, wepesi kama dagaa. Golikipa wetu aliitwa Kasto, baba yake Mzee Ndunguru. Saba. Wenyeji walikula samaki wale kwa aibu.

Ikaja mvua. Hapo ndipo nilipoacha ungo wangu nikasikiliza. Mlima wetu haukubali kuachwa mtupu, mwanangu. Mashimo yaliyokuwa yanayanywa maji yalikuwa yamefukiwa, basi maji yakashuka yote kwa pamoja. Yakapasua kiwanja katikati, yakachukua udongo, yakaumwaga juu ya miche ya kahawa na mashamba ya maharage ya chini. Wanaume wakasema mlima umeukataa mpira. Bwana shauri naye akasema basi. Kiwanja kikaachwa na korongo lake.

Lakini mashamba yaliyofukiwa chini yalikuwa ya wanawake, na watoto walikuwa wanataka kula. Ilipofika Machi, wakati wa kulima ngolo, wakapanda na majembe yao hadi upande wa juu wa kiwanja ili wachimbe mashimo ya kuzuia maji. Walipofika wakasimama. Nani atapanga majani? Ile ni kazi ya wanaume, na wanaume walikuwa na aibu ya mechi na aibu ya korongo. Hakuna aliyetaka kuonekana pale. Wanawake walikaa asubuhi nzima na majembe mapajani.

"Akaja Kasto," Bibi alisema. "Peke yake, na mundu."

Kasto alikata majani siku ile, na siku iliyofuata, na siku nyingi nyingine. Alikata na kupanga miraba, mstari kwa mstari, na wanawake wakamfuata nyuma wakichimba. Wanaume wenzake walipita njiani wakimwita golikipa wa wanawake. Wakamuuliza kama anapanga nyavu mpya ili la nane lisipite. Aliendelea kukata. Ngolo zilipokamilika walijaza korongo kwa mawe na udongo, na mvua iliyofuata ilitulia mashimoni. Kiwanja kikasimama. Kimesimama mpaka leo kwa sababu kila mwaka wanawake wa kijiji hiki wanazichimba upya zile ngolo, na mimi mwenyewe nimezichimba nikiwa na mimba yako bila kujua ninachokilinda.

Siku ya kumaliza, Kasto aliuleta ule mpira wa ngozi. Akasimama golini kati ya miti miwili, akawaambia wanawake na wasichana kila mmoja apige mara moja, maana kiwanja ni chao. Wengi walipiga nje, wengine walipiga ardhi. Zamu ya Bibi ilipofika, alipiga kwa ubavu wa kisigino, hajui hata ilikuwaje, na mpira ukapita.

"Ya ziwani saba," Bibi akasema, akapepeta ungo. "La nane langu."

Sikucheka, mwanangu. Nililia juu ya maharage. Katika kijiji kizima nilikuwa nimemchagua mwanamume mmoja aliyestahili kuheshimiwa, nikamvua nguo kaburini. Na jina la Kasto halimo hata ubaoni. Walimwacha nje pamoja na wanawake.

Bibi aliningoja nimalize kulia. Kisha akaniambia neno ambalo sitaki ulisahau. Akasema, "Kwa hasira yako sikulaumu. Mvua ni mvua, Mungu ndiye anayeileta. Nakulaumu kwa kuiachia iteremke. Chimba shimo, Editruda. Ikitulia itaotesha kitu."

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Ndunguru. Nilimkuta anachambua kahawa kichanjani, anatupa mbovu pembeni. Nikapiga goti, nikasema shikamoo. Alichelewa kuitika, nilihesabu kahawa tatu mbovu ndipo akaitika. Nikamwomba radhi, nikamsimulia yote, ya mundu, ya majani, ya wanaume waliomcheka baba yake. Aliendelea kuchambua, lakini niliona anaanza kutupa hata zile nzima.

"Baba hakuniambia," alisema mwishowe. "Aliniambia tu hapendi mpira. Nilipokuwa nacheza hakuja kunitazama hata siku moja. Nikajua ananidharau."

Akatazama upande wa kiwanja, ingawa kutoka kwake hakionekani. Nikamuuliza kama basi atayafuta yale maazimio mawili ya kamati. Akasema hawezi peke yake, na watu wamekwisha piga makofi. "Andika," akaniambia. "Kamati haisikii, Mama Skola. Kamati inasoma. Na ukiandika barua, ipeleke serikali ya kijiji, mihuri iwepo, nisije nikaambiwa nimetishwa na mwanamke."

Ni utani, lakini alikuwa ananipa njia. Nilikwenda kwa Bibi, akasema na mimi nikaandika. Niliandika karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa na matusi mawili, ya pili ilikuwa na moja, ya tatu haikuwa na tusi lakini ilikuwa inanung'unika. Ya nne ndiyo niliyoipeleka kwa mtendaji. Yeye ni kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, anaona baridi hata jua likiwaka. Aliisoma yote akiwa amesimama, akanigongea muhuri kwenye nakala yangu, kisha akauliza kama ni kweli Bibi alifunga kwa kisigino.

Sasa nasaha yenyewe, uishike. Ukikasirika, mwanangu, usikimbilie kipaza sauti. Kaa kwanza ujiulize hasira hii inamtetea nani, na je, jina lake nimelitaja? Usimcheke mtu kwa nusu ya habari zake, na marehemu usimguse kabisa, hana mdomo wa kukujibu na wanawe wana moyo wa kuumia. Umefanya kosa, litubu kabla hujadai haki yako, maana mdomo mmoja haubebi matusi na madai ukaaminika. Kisha dai. Usinyamaze kwa sababu ulikosea mara moja. Hilo ndilo wanalolitamani. Panga majani kwanza, yaani ukweli, mraba kwa mraba, ndipo uchimbe udongo uyafunike. Ulimi hauna mfupa, lakini karatasi yenye muhuri inasimama hata mwenyewe ukiwa umelala.

Mungu akupe miguu inayojua inakokwenda, Skola wangu. Akupe mvua zako, nyingi hata, nazo zikute mashimo yamechimbwa. Na siku utakapofunga, awepo wa kuhesabu.

Barua yenyewe naibandika hapa kama nilivyoiwasilisha.

Editruda Kinunda,
Mzazi wa mchezaji, timu ya wasichana.

Mwenyekiti,
Serikali ya Kijiji,
Kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAAZIMIO YA KAMATI YA KIWANJA NA UBAO WA HISTORIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, nilimtukana marehemu Mzee Kasto Ndunguru hadharani. Nimeomba radhi kwa mwanawe na sasa naomba kwa kijiji, kwa maandishi, kwa kuwa tusi lilisikiwa na wengi.

Pili, nalalamikia ubao. Unasema kiwanja kilijengwa na wanaume kumi na wawili. Udongo ulibebwa na wanawake, na kilipobomoka kilijengwa upya na wanawake pamoja na mwanamume mmoja, Kasto, ambaye jina lake halipo. Majina ya wanawake ishirini na wawili ambao Bibi Kresensia anawakumbuka nimeyaambatisha. Wengine anazikumbuka sura tu.

Tatu, napinga kufukiwa kwa ngolo. Zilishafukiwa mara moja, na kiwanja kikapasuka. Mgeni rasmi anaweza kukaa upande wa chini. Mpira unaonekana pande zote.

Nne, nadai Jumanne na Alhamisi za wasichana zirudishwe. Wameambiwa kiwanja ni jasho la baba zao. Ni jasho la bibi zao, na wanakwenda pale kwa haki, si kwa kuomba.

Tano, siku ya kurekebisha ubao naomba Bibi Kresensia aitwe, awekewe mpira mbele ya goli, apige akitaka. Ni yeye peke yake aliyebaki kati ya waliojenga. Magoti yake ni mabovu, na kutoka kwake hadi kiwanjani hutembea taratibu sana. Kwa hiyo naomba msichelewe kunijibu.